Saa Sita Mchana, Betri Iko Wapi?

Huku kwetu betri ya gari iliingia nyumbani zamani, kabla hatujasikia habari za gari la umeme. Ilifungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, ikapelekwa senta kuchajiwa, jioni ikarudi kuwasha redio na taa mbili. Basi nikisoma wataalamu wakishangilia kwamba betri ya gari inaweza kulisha jengo, hucheka kidogo.

Lakini tuwape haki yao. Mwaka 2018 uwanja wa Johan Cruijff, Amsterdam, ulizindua ghala la umeme la megawati 3, lenye betri sawa na za magari 148 ya Nissan Leaf, baadhi mpya, nyingine zilizokwisha kutumika barabarani. Paa lina paneli zaidi ya 4,000. Jua la mchana linawekwa akiba ya mechi ya usiku. Na Uholanzi hiyo hiyo ndiyo iliyosaidia mradi wa jenereta za dizeli za Biharamulo, Ngara na Mpanda, hapa Tanzania. Sina kinyongo, dizeli nayo ilitutoa gizani.

Nairobi, jengo la maduka la Garden City lilitandaza paneli za kilowati 858 juu ya maegesho mwaka 2015. Magari yanapata kivuli, maduka yanapata umeme.

Ila ukitaka kuchaji chombo chenyewe kwa jua la paa, Amsterdam na Nairobi zina bahati moja isiyotajwa: jua likiwa utosini, gari la mfanyakazi limeegeshwa. Ulete mpango huo kwetu Nyabusozi uone. Saa sita mchana bodaboda iko barabarani inatafuta hela, na inaporudi jua limeshazama. Paa linafurika umeme wakati chombo hakipo.

Jibu ninaloliona lipo Rwanda, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo. Tangu 2019 kampuni ya Ampersand, Kigali, imekuwa ikiendesha pikipiki za umeme kwa kubadilishana betri: dereva anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Pikipiki haisubiri jua. Betri ndiyo inayosubiri. Wazee wetu wangeuelewa mpango huo haraka kuliko ule wa Amsterdam. Kihenge hakikuhamishwa kamwe, kikapu ndicho kilichokwenda shamba na kurudi. Duka lenye paneli kwenye bati likiwa kihenge, na betri za bodaboda zikiwa vikapu, mwenye duka anauza sukari, anachaji simu na anauza mwendo, vyote chini ya paa moja.

Ila betri za risasi tulizozizoea hazifai kazi hiyo. N100 ya volti 12 inabeba kilowati-saa 1.2, na ukiikamua chini ya nusu mara kwa mara, imekufa. Betri ya Leaf ya kwanza ilibeba 24, yaani N100 ishirini.

Hesabu hiyo nilimpigia mama mmoja mwenye duka, akiwa ameinama chini ya kaunta, amefungua vifuniko sita vya betri yake, anamimina maji tone kwa tone. Juu ya kaunta simu za wateja zimepangwa, kila moja na kikaratasi cha jina.

“Ishirini, mwanangu? Na maji nani atazijazia?”

“Hizo za magari ya umeme hazinywi maji, mama.”

Akafunga kifuniko cha sita, akapangusa ule unga wa kijani kwenye nguzo ya betri. “Basi niletee moja tu kwanza,” akasema, “niione ikipita masika.”