Homa Kuu ya 1918 na Jembe Lililolala

Msomaji aliyefika Dar es Salaam ajua Kariakoo, na aliyefika Nairobi ajua Kariokor. Majina haya mawili asili yake ni moja. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hata 1918 Waingereza walikuwa na jeshi la wapagazi, wakaliita Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza jina hilo likawa kama tulisikiavyo. Walioandikwa kuchukua mizigo ya vita hivyo katika Afrika ya Mashariki walipata kama milioni moja, na waliokufa walikaribia 100,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na utapiamlo. Nimeanza na wapagazi kwa sababu yale mafua makubwa ya 1918 hayakuikuta nchi yenye nguvu. Yaliikuta nchi imekwisha kuchoka.

Ulimwengu uliyaita mafua hayo homa ya Hispania. Jina hilo ni la uonevu. Nchi ya Hispania haikuwamo vitani, kwa hiyo magazeti yake yaliandika waziwazi kwamba watu wanaugua, na hata mfalme wao yu kitandani. Nchi zilizopigana zilificha habari zao. Basi aliyesema kweli akapewa lawama. Waganga wa siku zile walidhani maradhi haya ni ya bakteria fulani. Hata mwaka wa 1933 ndipo wataalamu wa Uingereza walipothibitisha kwamba mafua ya namna hii huletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Kirusi kiliharibu mapafu, kisha bakteria wakapata njia, wakaleta kichomi, na kichomi ndicho kilichowamaliza wagonjwa wengi. Dawa ya kuua bakteria hao haikuwako bado, kwa kuwa penisilini iligunduliwa mwaka wa 1928. Ulimwenguni kote yakadiriwa kuwa walikufa watu milioni 50, na katika Bara Hindi peke yake si chini ya milioni 12.

Je, yalifikaje kwetu? Yalifuata njia za kazi na biashara. Bombay ilikuwa imeshikwa tangu Juni, na mwezi wa Septemba 1918 homa ikashuka Mombasa pamoja na abiria wa merikebu. Kutoka hapo haikuhitaji miguu. Reli ya Uganda iliichukua mpaka Nairobi na Kisumu, na meli za ziwani zikaivusha. Upande wa Tanganyika ilikuwako reli ya kati, iliyokwisha kufika Kigoma kabla ya vita. Kila kituo cha gari la moshi kilikuwa na soko lake, na kila soko lilikuwa na watu waliotoka mbali. Tena hii ilikuwa miezi ambayo wapagazi na askari walikuwa wakirudishwa makwao. Mtu aliyeokoka vitani alifika nyumbani, jamaa zake wakamlaki kwa furaha, na baada ya siku mbili tatu nyumba nzima ikalala.

Jemadari wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, alitoa silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Watu hawa walikuwa wamevuka mito na misitu miaka minne bila kushindwa. Walipopelekwa Tabora, mafua yaliwapata kambini, nao wengi walikufa huko kabla ya kuwaona tena wake na watoto wao.

Jambo moja katika maradhi haya halikufanana na mafua ya miaka yote. Mafua ya kawaida huwachukua zaidi wazee na watoto wachanga. Haya yaliwaua mno watu wa miaka 20 hata 40, yaani walimaji, wavuvi, wachukuzi, na mama wenye watoto mgongoni. Mgonjwa aliyepewa maji, uji na nguo ya kujifunika aweza kupona. Walakini kama wote wameanguka siku moja, ni nani atakayekwenda kisimani? Kwa hiyo walikufa hata watu ambao homa yenyewe haikuwa imewazidi sana.

Tazama sasa majira yenyewe. Oktoba na Novemba ni miezi ya vuli katika pwani na nyanda za juu za Kenya, na katika bara ya Tanganyika ni wakati wa kutayarisha mashamba kwa mvua za Desemba. Homa ilifika jembe lilipotakiwa. Shamba lisilolimwa kwa majuma matatu hayo halina mavuno mwaka ule, hata kama mwenyewe amepona kabisa. Zaidi ya hayo, mvua ziliwanyima watu mahali pengi. Huko Ugogo walikuwa tayari katika njaa waliyoiita Mtunya, kwa maana majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wao, kisha ukame ukaja. Mtunya yakadiriwa kuwa iliua Mgogo mmoja katika kila watano. Ni kazi bure kuuliza ni wangapi katika hao waliouawa na njaa na ni wangapi kwa mafua, maana mwenye njaa ndiye aliyeshindwa kuvumilia homa, na mwenye homa ndiye aliyekosa kulima. Kwa Kenya husemwa walikufa wapatao 150,000. Kwa Tanganyika, kati ya 50,000 na 80,000. Hesabu hizi ni za kukisia, kwani maziko ya vijijini hayakuandikwa.

Mtu atauliza kama ugonjwa huu ungaliweza kuzuiwa. Mahali pamoja ulizuiwa. Visiwa vya Samoa katika bahari ya Pasifiki vilikuwa chini ya dola mbili. Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka New Zealand, iliruhusiwa kushusha abiria katika Samoa ya magharibi, na kiasi cha mtu mmoja katika kila watano akafa. Katika Samoa ya mashariki gavana wa Kimarekani, John Poyer, alizuia meli zisitie nanga bila karantini, na hakufa hata mmoja. Mombasa ilikuwa bandari ya vita. Kuifunga kungalisimamisha vita, na hilo halikufanyika.

Kifo cha watenda kazi wengi kingalipaswa kupandisha mshahara wa waliobaki. Ndivyo biashara ifanyavyo kitu kikiwa haba. Lakini katika Kenya ilitumika nguvu. Mwezi wa Oktoba 1919 Gavana Northey aliagiza maofisa na machifu wawahimize vijana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, miaka hiyo hiyo kipande kikaanza kuvaliwa, kodi ikapandishwa, na mwaka wa 1921 bei za mazao zilipoanguka, walowezi wakapunguza mishahara kwa theluthi. Kando ya mto Niger, Afrika ya Magharibi, wakulima walipata njia nyingine: mikono ilipopungua waliacha sehemu ya viazi vikuu vyao, ambavyo vyataka kazi nyingi, wakapanda muhogo, ambao hungoja ardhini mpaka mwenyewe apate nguvu ya kuung'oa.

Ama mishahara ya wapagazi waliokufa, mingi haikupata wa kuichukua, kwa sababu jamaa zao hawakupatikana, au hawakupewa habari. Serikali ya Nairobi na ya London zilibishana juu ya fedha hizo kwa miaka mingi baada ya vita.