Kahawa Iuzwayo Ingali Mtini



Sisi watu wa pwani twajivunia kahawa yetu. Twainywa barazani baada ya sala ya Alasiri, kali na chungu, na tende au kashata pembeni. Twajua kuichagua, twajua kuikaanga, na twajua kumlaumu muuzaji akiichanganya. Bei yake pia twaiuliza. Lakini liko swali moja tusiloliuliza aghalabu: mwenye shamba alilipwa lini? Je, alilipwa kahawa ilipokwisha kuiva na kukauka, au alilipwa ilipokuwa bado ua jeupe juu ya mti?

Huenda swali hili likaonekana dogo. Lakini ukilifuatilia mpaka Kiruruma, katika wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, utaona kuwa ndani yake mna historia ya miaka mia na zaidi, na mna jambo la halali na haramu.

Pwani na Karagwe

Karagwe ni nchi ya vilima na migomba, iliyopakana na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Mwaka 2012 iligawanywa, ikazaliwa wilaya ya Kyerwa. Wenyeji wake ni Wanyambo, na zamani walikuwa na wafalme wao waliokaa Bweranyange.

Usidhani kuwa nchi hiyo ni ngeni kwetu. Katikati ya karne ya 19 Waarabu na watu wa pwani walikuwa na kituo chao cha biashara mahali paitwapo Kafuro, karibu na makao ya mfalme. Walipanda kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka Tabora wakaelekea kaskazini. Walipeleka nguo na shanga, wakarudi na pembe za ndovu. Speke na Grant walipofika kwa mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, watu wetu walikuwa wamekwisha kuijua njia hiyo kabla yao.

Wafanyabiashara hao wengi wao hawakuwa na mtaji wao wenyewe. Walichukua mali kauli kutoka kwa matajiri wa Unguja: yaani walipewa bidhaa kwa ahadi, nao wakalipa kwa pembe baada ya safari ya mwaka mmoja, miwili au zaidi. Bei ya mali hiyo ilikuwa nzito, hilo halina shaka. Lakini bila ya mtu wa kusubiri Unguja, pasingekuwa na mtu wa kufika Kafuro. Uweke akilini ukweli huo, msomaji, maana tutaurejea.

Kahawa ilikuwako zamani hizo, lakini haikuwa mali ya msafara. Watu wa magharibi ya Ziwa Victoria walizichemsha tunda zake pamoja na majani ya kunukia, wakazianika, wakazitafuna. Mgeni alikaribishwa kwazo kama sisi tunavyomkaribisha mgeni kwa tambuu. Na watu wawili walipofanya udugu wa kuchanjiana, waligawana punje mbili za tunda moja. Kahawa ilikuwa heshima. Haikuwa deni.

Reli, meli na kodi

Ni nini basi kilichoigeuza? Kwanza ni chombo. Mpagazi aliyebeba pembe begani alibeba utajiri. Lau angalibeba kahawa uzito uo huo, thamani yake isingelitosha hata chakula chake cha njiani mpaka Bagamoyo. Mwaka 1901 reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu, na meli zikaiunganisha na bandari za ziwa, Bukoba ikiwa mojawapo. Tangu hapo gunia la kahawa likaweza kufika baharini kwa gharama yenye kuvumilika.

Pili ni amri. Wajerumani, waliojenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, walileta kodi ya nyumba, na kodi haikulipwa kwa ndizi. Aliyekuwa na migomba ya kumshibisha alijikuta ni fukara mbele ya mkusanya kodi. Kahawa ikawa fedha yake. Utawala wa Kiingereza ulipokuja ukaongeza sheria juu ya sheria: namna ya kupanda, namna ya kupogoa, namna ya kutandaza majani chini ya miti. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizikataa amri hizo, ghasia zikatokea. Mwaka 1950 wakapata chama chao kikuu cha ushirika, nacho kikawa mlango wa kuuzia mazao yao.

Hivyo ndivyo chombo na amri vilivyolifunga tumbo la mtu wa Karagwe na soko la mbali asilolijua.

Mvua, jua na mwezi wa Januari

Sasa tuingie shambani. Mkulima huishi ndani ya kibanja chake: nyumba katikati, migomba imeizunguka, na mibuni imesimama chini ya kivuli cha migomba. Kahawa iliyo nyingi huko ni robusta. Mti huvumilia ukavu kwa muda, kisha mvua ikinyesha hutoa maua kwa pamoja, na kibanja chote hunukia. Tangu ua mpaka tunda kuwa jekundu ni miezi tisa hadi kumi na moja. Ni kama mimba: hakuna wa kuiharakisha.

Mavuno huanza Mei au Juni na kuendelea miezi kadhaa. Tunda huchumwa kwa mkono, na mikono hiyo aghalabu ni ya akina mama na watoto. Kisha huanikwa juani, hugeuzwa mara kwa mara, na wingu likitanda kila mtu hukimbia kuifunika. Ikikauka vyema na ganda lake huitwa kahawa ya maganda, na ndivyo mkulima anavyoiuza. Ikilowa, huota ukungu, na kazi ya mwaka hupotea kwa siku chache.

Tazama basi kalenda mbili zinavyogongana. Kahawa hulipa kuanzia katikati ya mwaka, na shule hufunguliwa Januari. Serikali iliifuta ada mpaka kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na hilo ni jambo la kheri, lakini sare, madaftari na nauli havikufutwa. Januari hiyo hiyo mtoto huugua, au bati hung'oka kwa upepo, au mzee hufariki na maziko yahitaji gharama. Mkulima ana mali juu ya mti, na hana hata senti mfukoni.

Butura

Hapo ndipo anapokuja mtu mwenye fedha. Huangalia mibuni, huhesabu kwa macho, husema: "Nitakupa fedha leo, mavuno ya miti hii yawe yangu." Watu wa Kagera huliita jambo hili butura. Kahawa huuzwa ikiwa tunda bichi, na pengine ikiwa bado ni ua.

Tuchukue mfano tu. Mtu anatarajia magunia kumi, anapewa thamani ya magunia matatu. Mavuno yakifika, atachuma, ataanika na kugeuza, kisha atayakabidhi yote kumi. Kazi ni yake, jua ni lake, na gunia ni la mwingine. Januari inayofuata atakuwa hana akiba, kwa hiyo atauza tena. Mwaka wa tatu haitwi tena mwenye shamba ila kwa jina.

Mnunuzi naye ana hoja yake, na haki yataka tuisikilize. Husema: "Je, mvua ikikatika? Je, mti ukiugua? Hasara ni yangu." Na ni kweli kuwa miti huugua. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulithibitishwa Kagera mwaka 1997, nao ulikausha mibuni kwa wingi mpaka watafiti wa kituo cha Maruku walipotoa miche yenye kuuhimili. Lakini hoja hiyo, badala ya kumtetea, ndiyo inayomhukumu. Katika Madina ya Mtume Muhammad (S.A.W.) watu walikuwa wakiuza tende mtini. Maradhi yakiingia kabla ya mavuno, mnunuzi husema ameuziwa ubovu, muuzaji hukana, na magomvi huzuka. Mtume (S.A.W.) akakataza kuuza matunda kabla ya kupevuka kwake kudhihiri, na makatazo hayo yamewahusu wote wawili, anayeuza na anayenunua. Asiyejua kama tunda litakuwako anacheza kamari kwa riziki ya nduguye.

Pengine utauliza: je, Uislamu umemfungia mkulima mlango wa kupata fedha kabla ya mavuno? La, hasha. Umeruhusu salam: mnunuzi hulipa bei yote papo hapo, kwa kipimo kinachojulikana, sifa zinazojulikana na muda unaojulikana, na haimlazimu muuzaji atoe mazao ya miti fulani tu. Dini inajua kuwa mkulima ana haja. Iliyokatazwa ni dhulma iliyovaa kanzu ya msaada.

Sheria na subira

Na serikali je? Historia yake katika jambo hili ni ndefu, nasi tutaipitia kwa haraka. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliiua mibuni ya Brazil kwa mamilioni, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno. Neema hiyo ilipokuja, vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania vilivunjwa, mwaka 1976, na ununuzi ukawa mikononi mwa mashirika ya serikali. Mkulima alipata sehemu tu ya kheri ile. Sheria ya mwaka 1982 iliurudisha ushirika, na Karagwe ikapata chama kikuu chake mwaka 1990. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawiana soko yalivunjika, bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi wa binafsi wakaruhusiwa, wakafika na fedha taslimu, na wenye butura wakafuatana nao. Mwaka 2018 serikali ikaamuru kahawa yote ipitie vyama vya msingi, na butura ikapigwa vita hadharani.

Makusudio yalikuwa mema. Lakini malipo ya ushirika yalipochelewa, mkulima aliyekuwa na mgonjwa kitandani hakuweza kungoja. Baadhi yao walirudi butura usiku, na baadhi wakavusha magunia Uganda kwa magendo, kwa sababu huko alilipwa siku hiyo hiyo. Baadaye minada ikaanza kufanywa Kagera kwenyewe, simu ya mkononi ikampa mkulima khabari ya bei siku ile ile, barabara ya lami kutoka Kyaka mpaka Bugene ikapunguza tabu ya njia, na ukame wa Vietnam ukachangia kuipandisha bei ya robusta mwaka 2024 kwa kiasi kikubwa mno. Neema kubwa! Lakini neema ya nani? Aliyekwisha kuuza tunda bichi Januari, bei ya Julai inamhusu nini? Simu humwambia tu kiasi alichopoteza.

Hapa ndipo ilipo siri ya jambo lote. Reli, meli, simu, mnada na sheria, vyote humfaa mtu awezaye kusubiri. Asiyeweza kusubiri humpita kama msafara. Umasikini wa mkulima haukuanza katika bei. Ulianza siku alipolazimika kuiuza subira yake.

Yetu na yao

Usiseme, msomaji, kuwa haya ni mambo ya bara. Babu zetu wa Unguja na Pemba waliweka mashamba ya mikarafuu rehani, na madeni yakawaelemea hata serikali ya kikoloni ikatoa sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi isiwatoke. Huko Lindi na Mtwara wakulima wa korosho walijua kangomba, yaani kununuliwa kwa bei ya kutupa nje ya utaratibu, kwa sababu njaa hufika kabla ya mnada. Na mvuvi aliyekopa nyavu kwa tajiri akafungwa kumuuzia yeye tu samaki wake, ana tofauti gani na mtu wa Kiruruma? Majina ni mbali mbali, ugonjwa ni mmoja.

Basi dawa ni nini? Sheria ni lazima, lakini sheria humkataza mtu kuuza bila ya kumpa chakula. Panapokuwa na katazo pawe pia na mkono. Chama kinachotaka kahawa ya mkulima kimlipe kwa wakati. Watu wa mtaa mmoja waweke akiba pamoja wakati wa mavuno, wapate kukopeshana Januari bila ya riba. Mwenye wasaa atoe qardh hasan, au anunue kwa salam ya haki. Na Qur'ani katika Surat al-Baqara, aya ya 280, imetuamrisha kumpa muda mdeni aliye katika dhiki, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi.

Wazee wetu waliofika Kafuro waliwezeshwa na mtu aliyewasubiri. Leo mkulima wa Kiruruma anataka mtu wa kusubiri pamoja naye miezi michache tu. Iwapo jirani yako ana mnazi, au mwembe, au mashua, na Januari imemkuta mikono mitupu, basi usiende kwake kulihesabu tunda lililo juu ya mti. Nenda ukamwulize haja yake ni kiasi gani.

Wabillahi tawfiq.