Mzio wa nikeli: Ngozi isiyosahau

Mteja anunuapo herini za bei nafuu katika soko la Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, ni nadra ajue zimetengenezwa kwa madini gani. Mara nyingi huwamo nikeli, ambayo pia hupatikana katika bizimu za mishipi, vifungo vya jinzi na mikufu.

Jasho huyeyusha nikeli kidogo kidogo, chembe zake zikapenya ngozi na kushikamana na protini za mwili. Seli za ulinzi zenye matawi, zikiwamo zile zilizoelezwa na Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1868, hupeleka habari hadi kwenye tezi za limfu. Huko, chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T hufunzwa kuiona nikeli kuwa adui. Hatua hii huchukua takriban wiki mbili, wala haina dalili. Yaweza kutukia hata baada ya miaka ya kuvaa chuma hicho bila tatizo.

Kuanzia hapo ngozi haisahau. Ikiguswa tena, seli T zenye kumbukumbu humiminika mahali hapo na kuchochea uvimbe. Kwa kuwa mwasho hutokea saa 12 hadi 72 baadaye, wengi hulaumu sabuni au chakula. Aidha, baadhi ya seli hizo hubaki papo hapo ngozini, hivyo mguso unaofuata huweza kuleta mwasho wa haraka na mkali zaidi. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, ngozi hukauka, hupasuka na kuwa nene. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Huonekana weusi uliokolea au ukijivu, na mabaka husalia baada ya kupona.

Daktari wa ngozi huthibitisha mzio kwa kubandika salfati ya nikeli mgongoni kwa saa 48, kisha kuchunguza sehemu hiyo tena siku zinazofuata.

Hakuna dawa ya kufuta kumbukumbu hiyo. Krimu ya steroidi hutuliza uvimbe, lakini ikipakwa kiholela huku herini ingali sikioni, ngozi huwa nyembamba na chanzo hubaki.

Umoja wa Ulaya uliwekea bidhaa za aina hii mipaka ya nikeli mwaka 1994. Kwa mwathiriwa, kinga ni kuepuka mguso: avae herini za titani, atenge bizimu na tumbo kwa kitambaa, na akumbuke kwamba hata dhahabu nyeupe yaweza kuwa na nikeli.