Fidla hupigwa

Fidla haigongwi wala haichapwi. Uta wa nywele za farasi husugua nyuzi 4. Hata hivyo Mswahili hupiga fidla, kama apigavyo pasi, simu na hodi. Anayesema “anacheza fidla” ametafsiri Kiingereza tu: kwenye taarab anayecheza ni yule aliyeinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Fidla za Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoundwa Unguja mwaka 1905, hupigwa. Basi hata konseto ya fidla ya mtunzi Mendelssohn ya 1844, ambamo mpiga fidla huingia karibu papo hapo bila kungoja okestra ijitambe kwanza, hupigwa. Mtangazaji wa redio akituambia sisi wasikilizaji wa mjini Bangale kwamba “imechezwa na” fulani, mimi hupunguza sauti.