Ujasiri wa Ulimi: Habari za Mangobo na Watu Waliojifunza Lugha Ukubwani

Mji wa Kisangani, ulio makao makuu ya jimbo la Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekaa mahali ambapo maporomoko ya Wagenia huikata safari ya meli zipandazo mto kutoka Kinshasa. Na miongoni mwa komini zake sita, yaani Makiso, Tshopo, Kabondo, Kisangani, Lubunga na Mangobo, hii ya mwisho inajulikana kwa wingi wa watu wake na wingi wa ndimi zao. Mtu mzima wa Mangobo, hata kama hakukaa darasani ila kwa miaka michache, aghalabu huweza kununua samaki kwa Kilingala, kumwamkia mkwewe kwa lugha ya kabila la mkwewe, kuzungumza na jirani kwa Kiswahili, na kufahamu tangazo la serikali lililoandikwa kwa Kifaransa, wala hadhani kwamba ametenda jambo la ajabu. Mahali pengi duniani mtu aliyekwisha kupevuka huona haya kufungua kinywa kwa lugha ya kigeni, akichelea kuchekwa na watoto na kudharauliwa na wenye lugha. Basi inatupasa kuuliza ni kitu gani katika taarikhi ya mji huu kilichowapa watu wa kawaida ujasiri ambao wasomi wengi wameukosa.

Kabla ya kufika wageni wa pwani na wa Ulaya, maporomoko yale yalikuwa milki ya Wagenia, wavuvi wanaosimika magogo makubwa katika maji yaendayo kasi na kutundika humo madema yao. Na chini ya mto walikaa Walokele, mabaharia na wachuuzi wa mtumbwi, wenye sifa ya kupelekeana habari kwa ngoma ya gogo. Watu wa namna hii, ambao riziki yao ilitegemea kubadilishana samaki kwa ndizi na vyungu kwa nguo, hawakuweza kuishi na lugha moja tu. Kwa hiyo desturi ya mtu mzima kuongeza ulimi juu ya ulimi ilikuwapo mtoni kabla ya shule yoyote, nayo ilifundishwa na haja ya muamala.

Kiswahili kilifika kutoka mashariki pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na wala si haki kusimulia habari hiyo kana kwamba kilifika kwa amani. Mwaka 1883 H. M. Stanley, msafiri aliyemtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliweka kituo penye maporomoko. Mwaka 1886 kituo hicho kilishambuliwa na kutekwa na watu wa Waarabu wenye misafara hiyo. Na mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikubali mjini Unguja kuwa wali wa mahali hapo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1890 alirejea pwani, na vita vya mwaka 1892 hata 1894 viliondoa utawala wa wenziwe. Walakini lugha yao haikuondoka. Wapagazi, wapiga bunduki, wanawake waliotekwa vijijini na vijana waliolelewa katika nyumba za mabwana, wote walikuwa wamekwisha kuifanya lugha yao ya kila siku, na kwa vile wengi wao walipenda kuitwa waungwana, lugha hiyo ikaitwa Kingwana. Waliojifunza walikuwa takriban wote watu wazima au vijana waliopevuka, waliolazimishwa na dhiki. Lakini walichokipata kwa dhiki waliwarithisha watoto wao kama mali yao wenyewe.

Kilingala, kwa upande wake, kilipanda kutoka magharibi. Kilizaliwa katika biashara ya mto wa kati, kikachukuliwa na meli za mvuke, na hatimaye kikawa lugha ya amri katika jeshi la wakoloni, hata askari aliyetoka kabila lolote alilazimika kukijua. Mwaka 1906, reli ya kutoka ukingo wa kushoto wa mto hata Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, ilipomalizika na kuyazunguka maporomoko, Stanleyville, kama mji huu ulivyoitwa zama za ukoloni, ikawa kituo ambacho mizigo ya meli ilihamishiwa katika garimoshi na mizigo ya garimoshi katika meli. Na kwa sababu watu wa meli walisema Kilingala ilhali watu wa njia ya mashariki walisema Kiswahili, mpaka wa lugha mbili kubwa za Kongo ukapita katikati ya gati na masoko ya mji mmoja.

Katika miaka ya 1940 na 1950, mji ulipokua upesi, mitaa ya Waafrika ilijaa Walokele, Wagenia, Watopoke, Wakumu, Wambole, Wabua, Wabudu, Watetela na wengineo. Mtaalamu Valdo Pons, aliyefanya uchunguzi katika mitaa hiyo mwaka 1952 na 1953 na kutoa kitabu juu yake mwaka 1969, aliona jinsi majirani wa makabila mbalimbali walivyofanya maisha pamoja katika barabara moja. Mgeni aliyeingia mji wa namna hiyo hakupewa kitabu cha sarufi wala mwalimu. Mama aliyekuja kuuza kwanga, yaani mkate wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, alianza na hesabu, maana bei haingoji. Kisha akashika maamkizi, maana bila ya adabu hapana mteja. Kisha akashika maneno ya kubembeleza na ya kukataa. Na pale neno la Kilingala lilipomtoroka, alitia la Kiswahili mahali pake, naye mnunuzi akaendelea na mazungumzo bila ya kusita. Zaidi ya hayo aliimba kanisani maneno ambayo bado hakuyafahamu sawasawa, na kwa kuyarudia wiki baada ya wiki ulimi wake ukazoea matamshi kabla ya akili kuzoea maana.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ilipo siri ya ujasiri wa Mangobo. Lugha zote mbili za mji hazikuwa na mwenyewe. Mswahili wa Unguja hakuwapo sokoni kupima ufasaha wa mtu, na mtu wa mto wa kati alikuwa mgeni kama wengine. Kila mmoja alikuwa amejifunza ukubwani, au alizaliwa na aliyejifunza ukubwani, na kila mmoja alikumbuka siku zake za kubabaika. Aliyejua zaidi hakuwa na cheo cha kumcheka aliyejua kidogo. Kosa likawa jambo la kusahihishwa na kusahauliwa, wala halikuwa aibu ya kumfunga mtu kinywa. Na mtu asiyeogopa kukosa husema mara nyingi, na asemaye mara nyingi hawezi ila kujua.

Ithibati ya maneno haya yapatikana tukitazama lugha iliyokuwa na mwenyewe, yaani Kifaransa. Watoto walianza kusoma kwa lugha za Kiafrika, na Kifaransa kiliwekwa juu kama daraja la kupandia kazi ya ukarani na heshima. Serikali ya Wabelgiji iliweka mwaka 1948 hati ya sifa njema kwa Waafrika walioitwa wastaarabu, na mwaka 1952 hati ya juu zaidi ya kuandikishwa. Na mwombaji alichunguzwa mwenendo wake, nyumba yake, meza yake na usemi wake. Chini ya macho ya hakimu kama huyo kosa dogo la matamshi laweza kumgharimu mtu matumaini yake, na kwa hiyo watu waliozungumza lugha tatu sokoni bila ya hofu walinyamaza ofisini kwa lugha ya nne. Akili yao ilikuwa ileile, na bidii yao ileile. Kilichobadilika ni nani aliyesikiliza, na kwa kusudi gani.

Wapo walioishinda hofu hiyo, na mashuhuri kuliko wote ni Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Onalua katika Sankuru, mwana wa Kitetela, akasoma katika shule za misheni bila ya kumaliza, akafika Stanleyville mwaka 1944 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Alifanya kazi katika utawala, kisha katika posta, ambayo ilimpeleka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1947 kwa mafunzo. Na nje ya saa za kazi alijisomesha mwenyewe kwa vitabu vya maktaba ambamo alitumika kwa kujitolea, na kwa masomo ya kuletewa kwa barua. Hakungoja Kifaransa chake kikamilike ndipo aandike. Aliandika ili kikamilike, akipeleka makala zake kwa La Voix du Congolais na La Croix du Congo, na kuongoza chama cha wastaarabu wa mji. Hati ya kuandikishwa alinyimwa kwanza, akaipata mwaka 1954. Mtu huyo aliyeweza kusema na makutano kwa Kiswahili na kwa Kilingala alisimama tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wa Kongo, mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji na kunena kwa Kifaransa maneno ambayo wenye lugha hiyo hawakutarajia kuyasikia. Naamini kwamba mazoea ya mji wa ndimi nyingi, ambamo kusema huja kabla ya kukamilika, yalikuwa sehemu ya malezi yake.

Somo hilo halikuwa la Waafrika peke yao. Huko Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, ambako wamisionari Wabaptisti wa Kiingereza walikuwa na kituo tangu miaka ya 1890, alifika mwaka 1938 John Carrington, naye akakubali, akiwa mtu mzima na mwalimu, kuwa mwanafunzi wa Walokele. Alitambua kwamba katika lugha yao kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, na kwamba ngoma ya gogo huiga sauti hizo mbili, ya juu na ya chini, ikiongeza maneno mengi ili msikilizaji asichanganyikiwe. Akajifunza kuipiga, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma zisemazo. Yaliyomfaa ni yaleyale yaliyomfaa mama wa sokoni: alikubali kusahihishwa na wenyeji, akadumu kusikiliza.

Isidhaniwe kwamba taarikhi imekuwa nyepesi kwa ndimi za watu hawa. Waasi walioitwa Wasimba walipoutwaa mji mwezi wa Agosti 1964, na tena majeshi ya waasi wa AFDL yalipoingia mwezi wa Machi 1997, Kiswahili kilikuwa kinywani mwa waasi na Kilingala kinywani mwa askari wa serikali, na mtu aliyesimamishwa njiani alipaswa kupima ni kwa lugha gani aamkie. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana kwa siku sita katika mji usio wao, mamia ya raia waliuawa. Hata hivyo watu hawakuiacha lugha yoyote kwa ajili ya waliowaudhi kwa lugha hiyo. Petroli ilipoadimika, vijana walianza kuchukua abiria kwa baiskeli ziitwazo toleka, na mwendeshaji wa toleka, kama mchuuzi wa mtumbwi wa zamani, hujibu kwa lugha aliyoitiwa, kwa kuwa abiria hachaguliwi kwa kabila lake.

Sisi wa pwani na wa bara ya mashariki, tuliozoea kujivunia Kiswahili sanifu, tumekuwa wepesi wa kukidharau Kiswahili cha Kongo kwa sababu ngeli zake zimepunguzwa na maneno yake yamechanganyika. Ufasaha ni johari, na mwenye kuutafuta asizuiwe. Lakini Kiswahili tunachokidharau ndicho kilichowapokea maelfu ya watu wazima bila ya kuwauliza nasaba, kikawawezesha kufanya biashara, kuoana, kusali na kudai uhuru wao. Anayetaka leo kujifunza Kiarabu, Kiingereza au Kichina akiwa na umri wa miaka arobaini hana budi kufanya kama walivyofanya watu wa Mangobo: aanze na haja ya kweli, aseme kabla ya kujiona tayari, akopeshe neno la lugha moja kwa nyingine anapopungukiwa, na akae karibu na watu ambao nao walijifunza ukubwani. Na sisi tunaosikiliza tuna wajibu mkubwa kuliko wake, kwa sababu ujasiri wake umo mikononi mwetu: mgeni anapojaribu lugha yetu, tumjibu maana ya neno lake kwanza, na sahihisho lije baadaye kwa upole. Jamii ifanyayo hivyo haitahitaji kuwahimiza watu wake wajifunze lugha; watajifunza, kama Mangobo ilivyojifunza, kwa kuishi pamoja.