Daftari la Duka: Mkopo wa Nyumbani Garissa Enzi za Neema, 2003 hadi 2007

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Anayetaka kuiona methali hiyo kwa macho na aangalie yaliyozipata nyumba nyingi za Garissa mwishoni mwa mwaka 2006, wakati nchi nzima ikiimba wimbo wa uchumi unaopaa.

Neema iliyokuwepo

Mwaka 2002 uchumi wa Kenya ulikua kwa chini ya asilimia 1. Kufikia 2007 ulikuwa umefika takribani asilimia 7. Januari 2003 shule za msingi zikawa bila ada. Benki nazo zikaanza kuwafuata wafanyakazi wa mishahara na mikopo. Lakini Garissa, iliyokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, neema haikupimwa kwa mshahara. Ilipimwa kwa mifugo, na soko la mifugo la mji huo ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa Afrika Mashariki.

Mkopo ulivyokwenda

Mfugaji hana mwisho wa mwezi. Ana ng'ombe na mbuzi, lakini watoto wanataka chai leo. Basi mama huenda dukani, achukue sukari, unga, mchele, pasta, mafuta na majani ya chai, na mwenye duka aandike daftarini. Deni hulipwa mnyama anapouzwa. Dhamana si hati ya shamba bali ni jina la mtu na ukoo wake.

Mwenye duka naye ana deni kwa muuzaji wa jumla, na wa jumla huchukua mali kwa mkopo kutoka Islii, Nairobi. Ni mnyororo mmoja: mbuzi asipouzwa Garissa, kuna mtu Islii hatalipwa.

Mambo matatu kwa mpigo

Ukame wa 2005 na 2006 uliua mifugo mingi, na madaftari yakajaa. Kisha mvua za mwisho wa 2006 zikanyesha kwa wingi hata zikaleta mafuriko. Malisho yakarudi. Idi ya kuchinja ilikuwa inaangukia mwisho wa Disemba, msimu ambao mnyama huuzwa kwa bei nzuri. Kila mwenye deni alikuwa na haki ya kusema: "Subiri Idi, nitalipa."

Mvua hizohizo zikazalisha mbu, na mbu wakaleta homa ya Bonde la Ufa. Disemba 2006 wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Garissa, na nchini kote watu zaidi ya 150 walikufa kabla ya mlipuko kwisha 2007. Uchinjaji na usafirishaji wa mifugo ukapigwa marufuku katika sehemu zilizoathirika, na soko likafungwa. Januari 2007 Kenya ikafunga mpaka wake na Somalia kwa sababu ya vita. Idi ikapita, deni likabaki.

Hesabu ya mbuzi

Tuchukulie mfano. Nyumba inakopa shilingi 9,000 kwa mwezi na mbuzi mmoja ni shilingi 1,500. Deni la mwezi ni mbuzi 6, la miezi mitatu ni mbuzi 18. Soko likifungwa miezi hiyo mitatu, kisha likafunguliwa na bei ikiwa shilingi 1,000, deni lilelile la 27,000 sasa ni mbuzi 27. Hakuna riba hata senti moja, lakini mbuzi 9 wamekwenda. Hatari iko hapo: deni limeandikwa kwa shilingi, na mali iko kwa mbuzi. Mwenye duka hakumdhulumu mtu. Yeye pia anadaiwa.

Dini inasemaje

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqarah 282, ni ya deni. Inatuamrisha tuandike, tutaje muda na tuweke mashahidi. Aya ya 280 inataka mdaiwa aliye na dhiki apewe muhula. Wanazuoni wengi wameruhusu bei ya mkopo kuzidi ya taslimu ikiwa imekubaliwa tangu mwanzo. Kuongeza baada ya muda kupita ndiyo riba.

Yaliyobaki kwetu

M-Pesa ilianza Machi 2007, na benki mbili za Kiislamu, First Community na Gulf African, zikaanza kazi mwaka 2008. Leo daftari limehamia kwenye simu. Tofauti ni kwamba simu haikujui wala haijui kama mvua imenyesha. Siku ikifika inakata. Yule mwenye duka angalau alikuwa jirani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uwe Garissa, Hola au Lamu, shika haya. Kopa chakula, usikope fahari. Weka daftari lako mwenyewe nyumbani, mlisome na la mwenye duka pamoja kila mwezi. Hesabu deni kwa kile unachouza, iwe mbuzi, samaki au nazi, na ufanye hesabu hiyo kwa bei mbaya kuliko ya leo. Na mwaka wa neema ndio mwaka wa kulipa, kwani dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo ni rahisi kumeza ukiwa mzima.

Wallahu a'lam.