Mchoraji wa kujitegemea: Kazi, malipo na haki zake

MTOTO anayejifunza kusoma huanza na picha kabla ya herufi. Hata hivyo, jina la aliyeichora picha hiyo ni nadra kutajwa, na likitajwa huwekwa kwa maandishi madogo karibu na anwani ya mchapishaji.

Mchoraji wa kujitegemea ni yule asiyeajiriwa na kampuni yoyote, bali hupokea kazi mojamoja kutoka kwa wachapishaji, mashirika ya kijamii, kampuni za matangazo na magazeti. Hana mshahara wa mwisho wa mwezi wala likizo ya malipo. Akiugua, kazi husimama na mapato nayo husimama.

Ufundi huu si mgeni nchini Kenya. Juha Kalulu, mhusika aliyebuniwa na Edward Gitau, aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Mnamo 1973, Terry Hirst na Hilary Ng’weno walianzisha jarida la Joe, lililotumia vibonzo kuyasimulia maisha ya mwananchi wa kawaida mjini. Naye Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012, aliwapa wasomaji hadithi ya Akokhan. Majina hayo yalijulikana kwa sababu ya magazeti na majarida. Lakini nafasi za vibonzo magazetini ni chache mno, na mchoraji asiye na jina kubwa hutegemea zaidi vitabu vya shule.

Kazi ya kitabu huanza kwa maelezo ya mhariri: ukurasa, ukubwa wa picha na kinachotakiwa kuonekana. Maelezo yaweza kuwa sentensi moja tu, mathalani “watoto wakichota maji mtoni”. Ni juu ya mchoraji kuamua watoto ni wangapi, wamevaa nini, mto ni wa sehemu gani ya nchi, na kama mtungi au mtungi wa plastiki ndio unaofaa. Kitabu kinachosomwa Lodwar na Lamu hakiwezi kuwa na nyumba za aina moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vilevile, wasichana hawawezi kuonyeshwa wakifagia katika kila ukurasa ilhali wavulana wanasoma. Wahariri huzirudisha picha za namna hiyo, na ni haki yao.

Baada ya hapo mchoraji hutoa rasimu ya penseli. Mhariri huisahihisha, kisha ndipo mchoro kamili hutiwa wino na rangi. Zamani hatua hii ilifanywa kwa brashi na karatasi. Siku hizi wengi hutumia kompyuta au kishikwambi chenye kalamu maalumu. Picha ya kuchapishwa hutakiwa kuwa na nukta 300 kwa kila inchi, tena katika rangi nne za mtambo wa uchapishaji. Asiyelijua hilo huona samawati iliyong’aa kwenye skrini ikitoka imefifia karatasini.

Lililo gumu zaidi, na lisilosifiwa na yeyote, ni kumfanya mhusika afanane na nafsi yake. Msichana wa ukurasa wa 3 sharti awe yuleyule katika ukurasa wa 47, kwa nywele, kimo na hata pengo la meno.

Ugumu mwingine ni wa fedha. Chukulia mchoraji amepewa picha 40 kwa Sh1,500 kila moja, na kila picha inamchukua siku nzima pamoja na marekebisho. Akifanya kazi siku sita kwa wiki, atamaliza baada ya takriban wiki saba. Iwapo mteja hulipa siku 60 baada ya kupokea ankara, miezi mitatu na nusu itakuwa imepita tangu mchoro wa kwanza kabla ya kuona shilingi. Ndiyo maana wazoefu hudai arbuni kabla ya kushika penseli, na huandika kwenye mapatano idadi ya marekebisho yasiyolipiwa. Mapatano yanayosema mchoraji atalipwa baada ya kitabu kuidhinishwa na Taasisi ya Kukuza Mitaala (KICD) yafaa kutazamwa kwa jicho kali, kwani yanamtwika hatari ya biashara isiyokuwa yake.

Hizo Sh60,000 nazo hazimfikii zote. Malipo ya huduma za kitaalamu yanayofikia Sh24,000 kwa mwezi hukatwa kodi ya asilimia 5 na anayelipa, hivyo Sh3,000 hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Makato hayo si kodi ya mwisho bali ni malipo ya mapema. Mchoraji asiyewasilisha taarifa ya mapato kufikia Juni 30 hujinyima nafasi ya kuyahesabu kwa faida yake.

Haki ni ya nani?

Suala linalowashtua wengi limo katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Watu hudhani kwamba aliyechora ndiye mwenye haki daima. Kwa kawaida ndivyo, na haki hiyo hudumu hadi miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Lakini kifungu cha 31 kinasema kuwa kazi iliyoagizwa na mtu mwingine huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo.

Maana yake ni nzito. Tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada moja kwa moja na kuvisambaza shuleni, na mtaala wa umilisi ulipoanza mwaka 2019 vitabu vipya vilihitajika kwa wingi. Mwandishi mwenye mkataba wa mrabaha hunufaika kila kitabu kinapouzwa. Mchoraji aliyelipwa kwa picha, bila neno lolote la maandishi, hana dai nakala zikiongezwa, wala picha zikihamishiwa kitabu kingine. Sentensi moja katika barua, inayosema mteja anapewa idhini ya kutumia picha katika chapa ya kwanza ya kitabu hicho pekee, hubadilisha hali hiyo yote. Ajabu ni kwamba wengi huona haya kuiomba.

Kuna asichoweza kunyang’anywa hata hivyo. Haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyechora, na ya kupinga mchoro wake kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima, hubaki kwake maisha yake yote hata kama hakimiliki imeuzwa.

Mteja akikataa kulipa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na mdai aweza kujitetea bila wakili. Atakachohitaji ni ushahidi: barua pepe ya maagizo, rasimu zenye tarehe, ankara na ujumbe wa kupokelewa kwa kazi.

Michoro halisi ya karatasi nayo isiachwe ofisini mwa mteja. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalimpa msanii asilimia 5 ya bei pale kazi yake halisi inapouzwa tena na wafanyabiashara wa sanaa.